Tanuri ya Kuni Kidogo

Mama Rosine hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa mabati kwa mguu, akaingia na shuka mbili mikononi, akazitupa juu ya vyungu vibichi ambavyo Victoire alikuwa amevianika tangu asubuhi. Shuka zilikuwa nyeupe siku zilipotoka dukani. Sasa zilikuwa na mabaka ya masizi, na vyungu vitatu vilivyoangukiwa vilibonyea midomo.

"Angalia! Angalia vizuri, Mama Bénie. Hizi ni shuka za mutu mwenye kulala mu nyumba, ao za mutu mwenye kulala mu jiko?"

"Tusamehe, mama. Upepo njo uligeuka," Victoire alijibu.

"Upepo! Kila wiki upepo. Wapangaji wangu wa mbele wanakohoa, mwalimu amehama na bibi yake, na miye nawavumilia tu kwa sababu bwana yako anajua kuomba pole. Sasa imeisha. Mwisho wa mwezi huu, ao munazima ile kintu, ao munatoka mu parsele yangu. Na mukitoka, ile kintu hamubebe. Nitaivunja, na majiwe yake nitajengea choo."

Ile kintu ilikuwa tanuri. Sikuli, mume wa Victoire, aliijenga kwa mikono yake kwenye kona ya parsele hii, kiwanja cha Mama Rosine mtaani Katindo, mawe ya volkano nje na matofali ndani, mdomo umeelekea ukuta wa kambi ya jeshi. Wakati mwenye parsele anafoka, Sikuli alikuwa nyuma ya tanuri na ufagio, anafagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiliwa. Sikuli alikuwa hodari wa kupata kazi ndogo kila Mama Rosine alipoingia.

Mji mzima wa Goma unapikia makala, yaani mkaa, na makala hupanda bei kila barabara inapofungwa. Ndiyo maana mbabula, jiko la bati lenye chungu cha udongo ndani, ile inayotunza moto hadi maharagwe yaive, haikosi mnunuzi. Victoire alifinyanga vile vyungu vya ndani, Sikuli akavichoma, na mama mmoja wa sokoni, Patricia, akavinunua vyote na kuwapelekea mafundi wa bati. Anayetaka kucheka acheke hapa: chombo cha kumpunguzia mwenzako makala kilikuwa kinazaliwa ndani ya tanuri inayokula kuni bila kushiba. Mizigo kumi na miwili kila inapowashwa. Hilo lilijulikana na watu wawili tu, na wote wawili walikuwa na midomo mizito.

Mama Rosine alipotoka, Victoire alizikunja zile shuka ili akazifue upya.

"Ulikuwa wapi weye?" alimwuliza mumewe.

"Si nilikuwa hapa?"

"Ningejua uko hapa ungefungua kinywa."

* * *

Gauthier alikuja siku ya pili yake kwa pikipiki, amevaa gileti ya kazi yenye mifuko mingi. Alikuwa mdogo wake Sikuli, baba mmoja mama mmoja, na hawakuwa wamekaa meza moja tangu shamba la baba yao kule Butembo lilipouzwa. Gauthier ndiye aliyeliuza, wakati kaka yake amelazwa hospitali. Alisema pesa zote zilikwenda kwenye dawa. Sikuli alisema dawa gani hiyo inayonunuliwa pamoja na pikipiki.

"Jambo, yaya," alimsalimu kaka yake.

"Umekuja kuuza nini leo?"

Gauthier alivumilia. Victoire alimsogezea kiti, naye akakaa kwenye ukingo wake tu, mtu ambaye hana hakika kama atamaliza maneno kabla ya kufukuzwa.

"Nimekuja kwa kazi. Niko dereva wa proje fulani. Wanatafuta namna ya kupunguza moshi ya tanuri za udongo. Wako na briketi za pumba, wako na tanuri yenye bomba, na wako na tanuri moja ya courant, ya umeme. Moja tu, yaya. Haina kuni, haina moshi. Kwanza watapitia kwa wafinyanzi wote na mizani, wapime. Tanuri yenye kula kuni mingi kupita zingine, ile njo watabadilisha, kwa sababu pale njo moshi itapunguka sana. Umesikia? Usifiche kuni. Choma vile unachomaka siku zote, weka zote mbele yao."

"Niweke kuni zote mbele ya watu wenye kuandika."

"Ndiyo."

"Halafu waniulize zimetoka wapi."

"Hawaulizake wapi! Wanaulizaka ngapi."

Sikuli alicheka, na kicheko hicho hakikuwa na furaha hata chembe. Akavuta mdomo wa juu kwa kidole, akamwonyesha mdogo wake pengo la meno mawili.

"Hata wale wa Kalengera walianza na ngapi."

Habari ya Kalengera Gauthier aliijua. Siku zile Sikuli alikuwa anapanda mwenyewe na lori hadi Kalengera kufuata udongo na kuni. Mabwana wawili wenye adabu walimsimamisha, wakamwuliza anachoma kuni kiasi gani, wakamshukuru, hata kalamu wakampa. Safari iliyofuata, watu wenye bunduki walikuwa wanamngoja mahali pale pale. Walichukua lori, wakachukua kuni, wakachukua na meno. Walikuwa wa nani, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Tangu hapo katika nyumba ile swali la kuni lilikuwa na jibu moja: kidogo. Binti yao Bénie alijua jibu hilo kabla hajajua kuhesabu. Na si nyumba yao tu. Nenda barabara ile yote, mwulize mchoma matofali, mwulize mama wa makala, wote watakuambia kidogo.

"Shemeji," Gauthier akamgeukia Victoire, "mweleze. Mama mwenye parsele anawatoa, nimesikia. Hii njo njia ya kubaki."

"Usiongee na bibi yangu juu ya nyumba yangu," Sikuli akasema. "Weye nyumba unajua kuuza tu."

Gauthier alisimama. Alipiga teke la kuwashia pikipiki mara tatu kabla haijashika, na mara zote tatu Sikuli alimwangalia kwa raha.

* * *

"Na kama anasema kweli?" Victoire aliuliza wakati wa kula.

"Gauthier? Nikumbushe siku moja yenye alisema kweli. Moja tu."

Victoire alitafuta, hakupata.

"Na tena," Sikuli akaendelea, akikata bugali kwa hasira ndogo ndogo, "fikiri na kichwa yako mwenyewe. Kwa masomo wanapatiaka prix mutoto gani? Mwenye sufuri? Tangu lini mutu anaharibu, halafu wanamuletea zawadi? Wenye kufika na mizani wanatafuta mutu wa kuunga mukono, mutu mwenye kujikaza. Mwenye kuchoma msitu watamufunga. Na Gauthier anataka wanifunge, ile shamba isiwe na mutu wa kuidai."

Maneno yale, ukiyapima, yalikuwa na akili. Victoire mwenyewe aliyaona yana akili, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: kwamba hakudanganywa na mjinga.

"Kwa hiyo unaficha kuni," alisema.

"Naficha. Nawaonyesha mizigo ine," akainua vidole vinne.

"Na mizigo ine vyungu vitatoka vibichi. Watagonga kimoja, kitalia paf, watatucheka."

Sikuli aliacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria. Alimtazama mkewe kwa macho yale aliyomtazama nayo kila shida ilipofika mahali pa mikono, kwa sababu katika nyumba ile mikono yenye akili ilikuwa ya Victoire. Naye Victoire, Mungu amsamehe, alifurahi kutazamwa hivyo.

"Tunachoma mbele, kabla hawajafika," alisema polepole. "Tunachoma kabisa, na kuni zote, siku Mama Rosine ameenda ku matanga ya dada yake. Vikipoa, navipaka udongo mwepesi, ule wa maji maji, navianika. Mutu akiviona ataona vibichi. Tunavipanga mu tanuri mbele ya macho yao, na mizigo ine tu. Ule udongo wa juu utashika rangi, na vyungu vitatoka vinalia ngee."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima Sikuli kumshika mkewe bega.

* * *

Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi, Élodie, mhandisi kutoka Lubumbashi, mwenye buti za mpira na sauti isiyopanda. Alikuja na mizani ya kuning'iniza, waya wa kupimia joto, na Gauthier kwenye usukani, ambaye hakushuka garini. Mama Rosine alikuwa wa kwanza kumpokea. Alimletea kiti cha plastiki chekundu, akampangusia kwa kitenge chake mwenyewe, na akakaa kando yake kana kwamba tanuri ni ya ukoo wake.

"Tunapima moto yenu ya kila siku," Élodie alisema. "Musijikaze, musiogope. Chomeni vile munachomaka siku zote. Papa, kuni zenu ni ngapi?"

"Kidogo," Sikuli akajibu kabla swali halijaisha. Kisha akaongeza kwa adabu, "Mizigo ine, madame."

Mizigo ilipimwa, ikaandikwa. Victoire alipanga vyungu kimoja kimoja, anavishika taratibu kama vibichi, kwa hofu kwamba kimoja kitagonga jiwe na kupiga kelele. Hakuna kilichogonga. Moto uliwashwa, na kwa kuwa kuni zilikuwa chache, hata moshi ulikuwa wa adabu. Mama Rosine aliutazama ule moshi mwembamba kwa mshangao na nusura aseme neno, lakini akalimeza. Naye alikuwa na hesabu zake. Tanuri ya umeme ikija kwenye parsele yake, parsele itapata waya, na kodi itapanda kwa wote.

Wakati wa kungoja joto, Élodie aliomba maji ya kunawa. Victoire alimpeleka nyuma ya jikoni.

"Mama," Élodie alisema, akisugua vidole, "bwana yako nimemuuliza. Sasa nauliza weye. Kila mara, ni mizigo ine tu?"

Chini ya pazia la jikoni Victoire aliona kandambili za Sikuli, zimesimama, zinasikiliza.

"Ine tu, madame."

"Hata mvua ikinyesha, kuni zikiwa na maji?"

"Hata mvua ikinyesha."

Élodie aliitazama mikono ya Victoire, ule udongo mkavu uliokuwa umebaki kwenye kucha, kisha akamtazama usoni. Hakuwa na hasira. Alikausha vidole kimoja kimoja, muda ambao mtu angeweza kusema jambo jingine, kama alitaka.

"D'accord. Miye naandika kile mizani inanionyesha na kile wenye nyumba wananiambia."

Victoire aliona aibu. Kisha vyungu vikatolewa, Élodie akagonga kimoja kwa ukucha, kikalia vizuri kabisa, na watu wa parsele wakashangilia. Aibu ikaondoka, ikaja furaha, na jioni ile nyumbani kwa Sikuli walikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na vitunguu.

Siku ya kupimwa Achille, mfinyanzi wa Ndosho, habari zilifika hadi Katindo. Walisema moshi ulifunika avenyu nzima, watoto wakatolewa darasani, na kwamba Achille alitupa motoni hata mlango wa choo.

"Amejifunga mwenyewe," Sikuli alisema, na akacheka mpaka akakohoa.

* * *

Matokeo yalitangazwa katika salle ya paroko, ukumbi wa kanisa. Sikuli alivaa koti la harusi yake, ambalo halikufunga tena mbele. Mama Rosine alikaa kando ya Victoire, akamshika mkono, akamwita mwanangu, akamwambia kwamba zile shuka zilikuwa kuukuu hata hivyo.

Élodie alipanda mbele bila karatasi. "Kwanza," alisema, "tupigie makofi Papa Sikuli na Mama Victoire wa Katindo."

Sikuli alikuwa amekwisha kusimama. Makofi yalipigwa. Victoire alihisi mkono wa Mama Rosine unamminya vidole hadi vinauma, na akafikiri: tumepona.

"Kati ya tanuri zote, ya kwao njo inakula kuni kidogo kabisa. Hata hatukuamini, lakini mizani haibishane na mutu. Tunawapatia sertifika na kofia, na tunawaomba wafundishe wengine." Kijana wa mradi alimvuta Sikuli mbele, akamvalisha kofia ya kijani yenye picha ya jani. "Sasa, kwa sababu tanuri yao iko muzuri vile, tukiwapatia umeme, moshi itapunguka kidogo tu. Tanuri ya courant inaenda kule moshi iko mingi. Inaenda kwa Papa Achille."

Achille aliruka kutoka kwenye benchi, mwili wake wote mnene ukitikisika, na familia yake ikapiga vigelegele. Sikuli alibaki amesimama pale mbele na kofia kichwani. Hakuna aliyemwambia aketi, na yeye mwenyewe alisahau kwamba watu huketi.

Mama Rosine aliuachia mkono wa Victoire mara moja.

"Njo kusema ile moshi yenye kuchafua shuka zangu ni kidogo?" alipaza sauti, na salle nzima ikaangua kicheko. "Basi mwisho wa mwezi ni ule ule!"

Victoire hakungoja kicheko kiishe. Alimfuata Élodie nje hadi garini, akamshika mkono wa koti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwenye cheo.

"Madame, si ine. Tulikudanganya. Vyungu vilikuwa vimekwisha kuchomwa. Ni mizigo kumi na mbili, siku zote ni kumi na mbili. Rudi upime, nakuomba."

Élodie alifunga macho kidogo. "Nilikuuliza mama, mbali na bwana yako. Niliona ile udongo kwa kucha zako. Nilingoja."

"Alikuwa nyuma ya pazia."

"Kila nyumba iko na mutu nyuma ya pazia. Tanuri iko juu ya lori, wenye kulipa wamekwisha kuona majina. Nikisema leo kama mulidanganya, hata mwaka kesho hamutapimwa. Ukiendelea, nitalazimika kusema. Kwa hiyo, mama, sijasikia kintu."

Akaingia garini, akafunga mlango polepole, na upole ule ulimkera Victoire kuliko kama angeubamiza. Alimchukia mwanamke yule kwa kuwa na haki.

Upande wa pili wa gari ndugu wawili walikuwa wamekwisha kukamatana kola.

"Nilikuambia!" Gauthier alipiga kelele. "Nilikuja mpaka kwako, nilikuambia neno kwa neno!"

"Uliniambia," Sikuli akasema, na kofia ya kijani ikamwangukia machoni. "Maneno ilikuwa ya kweli, lakini kinywa ilikuwa yako."

Gauthier alimsukuma. Sikuli alianguka kwa matako kwenye kokoto za lava, na koti la harusi likapasuka mgongoni. Watu wa Achille walikuwa wanatoka salle wakati huo, na hakuna aliyekosa kuona.

* * *

Mama Rosine alitimiza neno lake. Alileta wanaume wawili na nyundo, na kufikia mchana tanuri ilikuwa rundo la mawe. Sikuli hakushika ufagio siku hiyo. Alikaa mlangoni, anatazama, na kila tofali lililovunjika alilitambua.

Siku hiyo hiyo Patricia alikuja kutoka sokoni, akatazama lile rundo, akatazama vyungu vibichi vilivyojaa nyumbani hadi chini ya kitanda, akasema mafundi wa bati hawangoji mtu. Vyungu vikipatikana wiki hii, atachukua vyote. Visipopatikana, kuna mama mmoja kule Sake anamwomba kazi kila siku. Alisema bila ubaya, na akaondoka bila kunywa maji aliyopewa.

Kwa hiyo walikwenda Ndosho kwa Achille. Victoire alifunga vyungu ndani ya majani makavu ya migomba, Sikuli akavipanga juu ya chukudu ya kukodi, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, na wakaisukuma wawili kupita mtaa baada ya mtaa. Sikuli alikuwa na kofia ya kijani. Jua lilikuwa kali, na nyingine hakuwa nayo.

Tanuri mpya ilikuwa uani kwa Achille, bado imevikwa plastiki, inangoja fundi wa waya. Ya zamani, ile ya moshi, ilikuwa inafanya kazi kando yake. Achille aliketi kwenye kreti tupu, miguu ameitanua.

"Muzee wa kuni kidogo! Karibu, mwalimu."

"Tunaomba kukodi tanuri ya zamani," Sikuli akasema. "Na kuni tutanunua kwako."

"Bila shida. Lakini niambie kwanza, ndugu yangu. Gauthier alinikuta, akaniambia weka kuni zote. Na weye alikuambia. Miye nilimuamini mara moja. Unajua sababu? Miye hajaniuzia shamba."

Wafinyanzi wake wakacheka. Kisha Achille aliinuka, akaenda kwenye lundo lake la kuni, akarudi na mizigo, akarudi tena, mwenyewe, bila kumtuma mtu. Aliipanga mizigo minne mbele ya mdomo wa tanuri, akajipangusa mikono.

"Ine, vile iliandikwa. Tufundishe."

Majirani walikuwa wamesogea. Wanawake wawili waliketi juu ya ukuta wa mawe. Sikuli alitazama kuni, akatazama vyungu vya mkewe, akatazama watu. Kwa mizigo minne vyungu vitatoka vibichi, Patricia atamwagia kimoja maji kama afanyavyo siku zote, na kitageuka tope mkononi mwake. Sikuli alilijua hilo kuliko mtu yeyote uani pale. Achille naye alijua, na alitaka kusikia.

"Zinatosha," Sikuli akasema.

Victoire alikuwa amechukia watu wengi mwezi ule. Alimchukia Mama Rosine, akamchukia Gauthier, akamchukia mhandisi na upole wake. Sasa alimtazama mume wake chini ya kofia ile, na akaona chuki nyingine zote zilikuwa za kupitia tu. Lakini vyungu vilikuwa vyake. Alivifinyanga yeye, kimoja kimoja, na havikuwa vimemkosea mtu.

Alikaza kitenge kiunoni. Akaenda kwenye lundo la Achille, akajitwisha mzigo, akarudi, akautupa miguuni pa mumewe.

"Tano," alisema.

Akaenda tena. "Sita."

Wanawake wa ukutani walicheka. Aliporudi na wa saba walicheka zaidi, na mmoja akapiga makofi. Wa nane, Achille mwenyewe aliacha kucheka.

"Eh, mama. Izo ni kuni zangu."

"Tutalipa. Nane."

"Mama Bénie," Sikuli akanong'ona, "acha. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Kinywa yako imefungwa, yangu iko wazi. Tisa."

Wa kumi aliuleta jasho likimwingia machoni. Na wa kumi na moja, mguu uliteleza juu ya jiwe la lava. Alianguka kwa goti, kuni zikatawanyika, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Hata Achille alitazama pembeni.

Sikuli alivua kofia, akaiweka juu ya chukudu. Alikuja akaziokota zile kuni moja moja, akamwinua mkewe kwa kiwiko, bila kumtazama, kwa sababu hakuthubutu. Kisha akaenda kwenye lundo mwenyewe, akaleta mzigo mmoja, akauweka juu ya mingine.

"Kumi na mbili," alisema mbele ya watu wote, na sauti yake ilikuwa na kutu. "Siku zote ilikuwa kumi na mbili."

Victoire alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya tanuri, anapanga vyungu, damu ya goti imechafua kitenge. Sikuli alichuchumaa kando yake, akachomeka vijiti vidogo chini ya vikubwa, akawasha kiberiti.

"Kumi na mbili!" Achille alipiga paja, furaha yake yote imerudi. "Na ulikuwa unazitoaka wapi, muzee?"

Sikuli aliinamisha kichwa hadi mdomoni mwa tanuri, akapuliza moto kwa nguvu.

"Kuni gani?" akauliza.